Bendi ya Kijiji: Mwaka Mmoja wa Kupuliza Pamoja

Mahali petu ukisikia tarumbeta unajua kuna jambo. Pengine ni arusi huko Pwani na beni inapita. Pengine ni Jeshi la Wokovu wakielekea kanisani Jumapili asubuhi, au bendi ya polisi siku ya Jamhuri. Watu hutoka nje kuangalia na watoto hufuata nyuma. Lakini ni wachache wanaojiuliza: hawa watu walijifunza lini? Vyombo ni vya nani? Na nani analipa?

Katika makala hii tutaangalia bendi za matarumbeta za vijiji vya kaskazini mwa Uingereza, mahali ambapo mtindo huu ulikomaa. Tutafuata mwaka wao mmoja, kutoka Januari hadi Krismasi. Si kwamba tunataka kuwaiga Waingereza. Ni kwa sababu bendi ya kijiji ni kikundi kama vile vyetu. Ina ada, ina kamati, ina mweka hazina anayekosa usingizi, na ina swali moja gumu ambalo kila kikundi hukutana nalo siku moja. Hilo swali tutalifikia.

ZILIANZAJE?

Tarumbeta la zamani lilikuwa bomba tupu. Lilitoa sauti chache tu, basi. Miaka ya 1810, mafundi wa Ujerumani walibuni vali, yaani kitufe cha kubonyeza kwa kidole ili pumzi izunguke njia ndefu zaidi ndani ya bomba na sauti ibadilike. Miaka ya 1840, fundi Mbelgiji Adolphe Sax, aliyekuwa akifanya kazi Paris, akatengeneza jamii nzima ya vyombo vya aina hiyo, kutoka kidogo chenye sauti nyembamba hadi kikubwa cha besi.

Sasa ikawa vidole vitatu vya mkono mmoja vinatosha. Mchimba makaa ya mawe ambaye mikono yake imekuwa migumu kwa sururu hangeweza fidla kwa urahisi, lakini koneti aliiweza. Tena vyombo hivi vinavumilia baridi na mvua, na vinasikika nje bila vipaza sauti.

Wenye viwanda na migodi wakaona faida. Katika kijiji cha Queensbury, Yorkshire, mwaka 1855, John Foster, mwenye kiwanda cha nguo cha Black Dyke, aliichukua bendi ya hapo akaipa vyombo, sare na chumba cha mazoezi. Bendi ya Black Dyke iko hadi leo. Tuseme ukweli, matajiri hawakufanya haya kwa upendo peke yake. Walitaka wafanyakazi wawe na shughuli nyingine mbali na pombe, na walitaka jina la kiwanda lisikike kila mahali bendi inapokwenda. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia.

WATU 25, NA KILA MMOJA ANA KAZI

Bendi kamili ya mashindano ina wapulizaji 25 pamoja na wapiga ngoma wawili, watatu au zaidi. Koneti ni 10, kutoka ile ndogo ya sauti ya juu. Kuna flugeli moja, honi tatu, baritoni mbili, yufoniumu mbili, tromboni tatu na besi nne. Hizo besi ni yale madude makubwa ambayo mtoto akiyashika haonekani.

Kuna ujanja mmoja hapa ambao ni mzuri sana. Ukiacha ngoma, na tromboni ambayo huvutwa, karibu vyombo vyote huandikiwa noti kwa namna moja na hutumia vidole vilevile. Aliyejifunza koneti anaweza kupewa honi leo jioni na akajua pa kuweka vidole. Kilichobaki ni kuzoeza midomo na pumzi. Kwa hivyo mtu wa besi akihama au akiugua, bendi haifi. Mmoja anasogea, mwingine anajaza nafasi yake. Huu si mpango wa muziki tu. Ni mpango wa kuhakikisha kwamba hakuna kazi inayojulikana na mtu mmoja peke yake. Ni vikundi vingapi vyetu vinalala siku ile katibu akipata kazi Nairobi, kwa sababu ni yeye tu aliyejua mambo ya benki?

JANUARI HADI MACHI: HESABU NA MASHINDANO

Krismasi ikiisha, kazi ya kwanza ni hesabu. Kwenye mkutano mkuu wa mwaka huchaguliwa mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mtunza karatasi za muziki na mtunza sare. Mweka hazina anasoma kilichoingia na kilichotoka. Wanachama hulipa ada, na wanafunzi hulipa kidogo au hawalipi. Msimamizi wa muziki mara nyingi hupewa posho. Chumba kinataka umeme na kupashwa joto. Besi moja mpya inagharimu maelfu ya pauni, na kwa kawaida ni mali ya bendi: mwanachama anaazimwa, anatia sahihi, na akiondoka anarudisha.

Halafu mazoezi yanakuwa makali, kwa kawaida jioni mbili kwa wiki, watu wakitoka kazini moja kwa moja. Hii ni kwa sababu kabla masika kwisha kuna mashindano ya mkoa. Uingereza, Scotland na Wales zimegawanywa katika mikoa minane, na bendi zimewekwa katika madaraja matano. Bendi zote za daraja moja hupiga wimbo uleule. Zinapiga kura nani atangulie. Waamuzi wanafungiwa ndani ya kibanda kilichozibwa pande zote ili wasione ni bendi gani iko mbele yao. Wanasikia tu na kuandika. Hapo hakuna kujuana, wala jina kubwa, wala sare mpya. Bendi zinazoongoza huenda fainali. Zile ambazo matokeo yake yamekuwa mabaya kwa miaka kadhaa hushushwa daraja.

WAKATI WA PENTEKOSTE: BARABARANI

Ijumaa baada ya Jumapili ya Pentekoste ndiyo siku kubwa kuliko zote katika vijiji vya milima ya Saddleworth na miji ya Tameside, karibu na Manchester. Asubuhi makanisa hutoka kwa maandamano, mabendera mbele, watoto wamevalishwa vizuri, na kila kanisa na bendi yake. Wanakutana katikati ya kijiji na kuimba nyimbo za dini pamoja.

Kuanzia alasiri mambo hubadilika. Mashindano haya ya jioni yalianza mwaka 1884. Kila kijiji huandaa ya kwake, na bendi huzunguka kwa basi kutoka kijiji hiki hadi kile. Wanashuka, wanajipanga, wanatembea barabarani wakipuliza, kisha wanasimama mahali palipowekwa alama na kupiga wimbo mmoja wa kutembea. Mwamuzi amejificha ndani ya gari au chumba chenye pazia. Wakimaliza wanarudi mbio kwenye basi kwenda kijiji kingine, mpaka usiku. Bendi mabingwa wa nchi husimama foleni ileile pamoja na bendi ya watoto wa shule. Zawadi za pesa huchangwa na kamati ya kila kijiji. Kwa maneno yetu, ni harambee.

KIANGAZI: WATU HAWATOSHI

Juni hadi Agosti ni maonyesho, sherehe za mashamba, na muziki wa bustanini Jumapili mchana. Hizi shughuli huleta pesa kidogo, lakini pia ndio wakati watu wako likizoni. Katibu hushinda kwenye simu akitafuta wa kuazima: “Tafadhali, una mtu wa honi Jumapili?” Kwenye sherehe hakuna shida kuazimana. Kwenye mashindano ni tofauti. Huko kila mpulizaji huandikishwa kwa bendi moja, na kuna kanuni za kuhama na kuazima. Ndivyo ilivyo, kwa sababu bendi kubwa hupenda kuchukua kijana hodari aliyelelewa na bendi ndogo. Kijiji kinafundisha miaka minane, mji unavuna kwa siku moja. Mwalimu yeyote wa kikundi anaujua uchungu huo.

SEPTEMBA HADI NOVEMBA: WAPYA, FAINALI, NA WALIOKUFA

Shule zikifunguliwa Septemba, bendi hutafuta watoto wapya. Wanapewa koneti, wanakaa na bendi ya wanafunzi, na mwaka wa kwanza nyumbani hakukaliki kwa kelele. Mwezi huohuo kuna fainali za madaraja ya chini. Oktoba ni zamu ya daraja la juu, London, katika ukumbi wa Royal Albert Hall.

Novemba, Jumapili iliyo karibu na tarehe 11, ni kumbukumbu ya waliokufa vitani. Vita Kuu ya Kwanza ilikwisha tarehe 11 Novemba 1918, ile ambayo huku kwetu imeacha jina la Kariokor, Nairobi, kutokana na maelfu ya wapagazi. Bendi huongoza watu hadi kwenye mnara wenye majina ya vijana wa kijiji. Mpulizaji mmoja hupiga wimbo wa kuaga, watu hunyamaza dakika mbili, basi. Siku hiyo hakuna makofi wala alama. Lakini bendi isipofika, kijiji kizima kitajua kwamba kuna kitu kimekosekana.

DESEMBA: MKEBE WA PESA

Krismasi ndio wakati wa mavuno. Bendi hupiga nyimbo za Noeli barabarani, mbele ya maduka na kwenye nyumba za wazee, na mtu mmoja anazunguka na mkebe. Baridi ni kali hata unyevu wa pumzi huganda ndani ya chombo na vitufe vinakataa kushuka. Watu huvaa glovu zilizokatwa vidole. Lakini hawaachi, kwa sababu wiki hizo chache zinaweza kubeba sehemu kubwa ya gharama za mwaka ujao.

SASA LILE SWALI GUMU

Je, mfadhili akiondoka itakuwaje?

Kijiji cha Grimethorpe, Yorkshire, kilikuwa na mgodi wa makaa ya mawe, na bendi ya mgodi iliyoanzishwa mwaka 1917. Oktoba 1992, serikali ilitangaza kwamba inataka kufunga migodi 31. Siku chache tu baadaye bendi ya Grimethorpe ilisimama Royal Albert Hall ikashinda ubingwa wa taifa. Mwaka 1993 mgodi wao ukafungwa. Mwaka 1996 ilitoka filamu Brassed Off, iliyotokana na mambo ya huko, na bendi yenyewe ndiyo iliyopiga muziki wake.

Hebu fikiria hali hiyo. Mume hana kazi, nyumba ina deni, na jioni anaulizwa kama atakuja mazoezini. Wengine wangesema ni upuuzi, ati tarumbeta haliliwi. Ni kweli haliliwi. Lakini mahali ambapo mgodi umekwenda, na mshahara na heshima ya kazi vimekwenda nao, chumba cha mazoezi kinaweza kuwa mahali pekee ambapo mtu bado anangojewa. Asipofika, kuna kiti kitupu na sauti moja haipo. Sisi tunaofanya kazi na familia zilizopoteza mapato tunajua kwamba mtu huanza kuanguka siku ile akiona hakuna anayemngojea mahali popote.

Bendi ya Grimethorpe iliendelea, na ingali inapiga. Bendi nyingine za migodi na viwanda zilikufa. Tofauti haikuwa muziki tu. Bendi ambayo vyombo, chumba na pesa vyote vilikuwa vya kampuni ilibaki mikono mitupu siku moja. Ile iliyokuwa na mali kwa jina lake yenyewe, hesabu zake, watoto wanaojifunza, na watu waliozoea kuitilia shilingi kwenye mkebe, ilikuwa na pa kuanzia.

Jaribu jingine lilikuja mwaka 2020. Kwa sababu ya korona, kupuliza pamoja chumbani kulikatazwa kwa muda mrefu, na ile Ijumaa ya Pentekoste haikufanyika mwaka 2020 wala 2021. Ilirudi mwaka 2022. Aliyeacha kupuliza kwa muda hivyo midomo yake inalegea na lazima aanze tena polepole. Na kikundi pia ni hivyo. Pesa zinaweza kungoja benki, lakini desturi ya kukutana haiwekwi benki.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kikundi chetu, ni kazi gani inajulikana na mtu mmoja tu? Nani ataanza kujifunza kazi hiyo mwezi huu?

2. Vitu tunavyotumia, kama cherehani, tangi, mizinga au viti, ni vya nani kwa maandishi? Mfadhili akiondoka kesho, tutabaki na nini?

3. Wanachama wetu wa umri wa chini ya miaka 20 ni wangapi? Kama hakuna, nani atakuwa hapa baada ya miaka 15?

4. Mwenzetu asipofika mkutanoni mara mbili, nani humtembelea?