Peni Isiyotaja Jina la Mfalme

Kama unayo sarafu ya shilingi 100, itoe uitazame. Utaona uso wa Mwalimu Nyerere. Hushangai, maana ndivyo fedha zilivyo. Hata Bwana wetu alipoulizwa habari ya kodi, alitaka kwanza aonyeshwe sarafu, akawauliza sura ile ni ya nani. Basi leo nakusimulia habari za peni moja ya fedha ambayo, ukiiuliza hivyo, haijibu.

Mfalme Henry I wa Uingereza alikuwa na mwana mmoja tu wa kiume wa ndoa, naye akafa maji mwaka 1120 merikebu ilipozama. Akabaki binti, Matilda, aliyekuwa ameolewa na Kaisari wa Ujerumani, kisha akafiwa. Mwaka 1127 mfalme akawaapisha maaskofu na wakubwa wa nchi kwamba atakapokufa watamtii Matilda. Aliapa hata Stephen, mpwa wake.

Henry akafa tarehe 1 Desemba 1135. Kabla mwezi haujaisha Stephen alikwisha kuvikwa taji, tena na Askofu Mkuu wa Canterbury, ambaye naye alikuwa ameapa! Mwaka 1139 Matilda akavuka bahari kudai haki yake, vita vikawaka. Mwaka 1141 Stephen alitekwa Lincoln. Matilda akaingia London, wenyeji wakamfukuza kabla hajatiwa taji. Na mwaka ule ule Stephen akafunguliwa, akibadilishwa na Robert, ndugu yake Matilda, aliyekuwa ametekwa naye.

Sasa mfikirie mfua fedha. Kazi yake ni kuweka kipande chembamba cha fedha kati ya chapa mbili za chuma na kupiga nyundo. Upande mmoja hutokea sura na jina la mfalme. Upande wa pili jina lake yeye mwenyewe na la mji wake. Hawezi kukana. Tena watu walikuwa hawajasahau Krismasi ya mwaka 1124, Henry alipoamuru wafua fedha wakatwe mikono ya kuume kwa sababu ya fedha mbovu. Aandike jina la nani, naye hajui kesho atatawala nani?

Wengine, katika miji kama Lincoln na London, walifanya hivi: sura waliiacha ile ile ya peni za Stephen, lakini mahali pa jina wakaandika PERERIC. Si jina la mtu yeyote. Wako wataalamu wasemao ni cheo cha Matilda, mke wa kaisari, kilichoharibika. Wengine husema liliwekwa makusudi, lisiwe na maana. Mimi nawaafiki hawa wa pili. Mwenye nyumba ya kulisha hupenda kungoja. Mahali pengine walichonga msalaba juu ya uso wa mfalme katika chapa yenyewe.

Matilda naye alipigiwa peni zake Bristol, Cardiff, Oxford na Wareham. Zilikuwa adimu mno mpaka mwaka 1980, ilipofukuliwa akiba ya peni zaidi ya 100 mlimani karibu na Cardiff, na nyingi zilikuwa zake. Aliyezizika hakurudi kuzichukua.

Mwaka 1153 wakapatana: Stephen atawale mpaka kufa, kisha amrithi Henry, mwana wa Matilda. Stephen akafa mwaka uliofuata. Mwaka 1158 Henry II akatoa peni mpya kwa nchi nzima, na za zamani zikayeyushwa. Ndiyo sababu za PERERIC zimebaki chache.