Kimea cha Bibi na Togwa ya Sikukuu

Sikukuu inapokaribia kuna kazi ambayo katika nyumba nyingi za Ilula huanza mapema kuliko kupaka chokaa na kushona nguo za watoto. Kazi hiyo ni ya bibi. Huchukua ulezi, akaupepeta kwenye ungo, akaondoa mawe na makapi, kisha akauloweka. Hapo ndipo inapoanzia togwa ya Noeli, ya Pasaka, ya ubatizo na ya arusi. Mgeni akipiga hodi na kusema "Kamwene", kabla hajaulizwa habari za safari huwa ameshapewa kata.

Kazi za namna hii ziko duniani kote. Huko Italia, walikotoka Wamisionari wa Consolata waliofika Iringa mwaka 1919, bibi wa mikoa ya kaskazini hukanda unga wa ngano na mayai, wakausukuma uwe mwembamba kama karatasi, wakaukata vipande na kuvikunja kimoja kimoja kwa vidole huku nyama ikiwa ndani, ili familia ile tambi za Noeli katika mchuzi. Dukani tambi zimejaa, lakini wao hukanda kwa mikono. Ukiwauliza bibi wa Ilula kwa nini hawanunui soda tu, nadhani watawaelewa wenzao wa Italia bila mkalimani.

Mwezi huu tunataka kuitazama togwa kwa jicho la afya, na hasa ule unga unaoifanya iwe togwa, yaani kimea. Tuna sababu. Mkoa wetu wa Iringa hulima mahindi, maharage, viazi na mboga. Nyanya na vitunguu vya Ilula hupakiwa kwenye malori ya barabara kuu kwenda Morogoro na Dar es Salaam. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa, karibu 57 walikuwa wamedumaa. Kwa Tanzania nzima walikuwa 30. Iringa ndiyo iliyoongoza kwa udumavu. Chakula tunacho shambani na ghalani, lakini hakiwafikii watoto wetu ipasavyo.

Sababu za udumavu ni nyingi: mama kuwa shambani mchana kutwa, mtoto kula mara mbili kwa siku, magonjwa ya kuhara, sahani isiyo na maharage wala yai. Hapa tunaichukua moja tu, ambayo bibi anaijua dawa yake. Ni uji.

Unga wa mahindi ukipikwa hunywa maji na kuvimba. Ukitia unga wa kutosha, uji unakuwa mzito kama ugali laini na mtoto mdogo hawezi kuumeza. Basi mama huongeza maji mpaka uteremke vizuri. Mtoto anakunywa kikombe kizima, tumbo linajaa, analala. Lakini alichokunywa ni maji mengi na unga kidogo. Tumbo lake ni dogo, na hata akinywa mara tatu kwa siku hapati nguvu za kumtosha kukua.

Sasa mtazame bibi. Ulezi alioloweka kwa usiku mmoja anauchuja, anaufunika kwa gunia bichi au majani ya mgomba, na kuunyunyizia maji. Baada ya siku mbili au tatu umechipua. Anauanika juani hadi ukauke kabisa, anausugua kwa viganja ili vimizizi vidondoke, anapepeta, kisha anasaga. Unga huo ndio kimea. Punje inapochipua hutengeneza vimeng'enya, ambavyo kazi yake ni kuikata wanga iwe sukari ili mche uweze kujilisha. Ukitia kimea katika uji mzito uliopoa kiasi cha kidole kuvumilia, vimeng'enya huanza kazi papo hapo. Koroga, na kwa dakika chache utauona uji uliosimama unalegea na kuwa mwepesi, tena mtamu, bila kuongeza tone la maji wala sukari. Kijiko kimoja au viwili vya chakula vinatosha sufuria ndogo. Kwa njia hii mama anaweza kutia unga maradufu au zaidi katika kikombe kile kile, na mtoto akaumeza.

Jambo hili si geni mkoani kwetu. Mwaka 1983 mashirika ya WHO na UNICEF pamoja na serikali yetu yalianzisha mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa wa Iringa, kwa fedha zilizotolewa na serikali ya Italia. Watoto walipimwa uzito kijijini, na matokeo yakajadiliwa na wanakijiji wenyewe. Hadi mwaka 1988 utapiamlo mkali katika vijiji hivyo ulikuwa umeshuka kutoka asilimia 6 hivi hadi karibu asilimia 2. Kisha mwaka 1990 watafiti A. C. Mosha na Ulf Svanberg walichapisha matokeo ya kazi yao katika kijiji cha Luganga, mkoani humu humu, walikopima jinsi watoto wanavyoupokea uji uliolegezwa kwa kimea na kiasi wanachokula. Bibi walikuwa na ujuzi huo siku zote. Wataalamu walikuja kuupima.

Wapo wanaoliogopa neno kimea kwa kuwa ndicho kinachopikia komoni. Ni kweli, lakini kisu cha kuchinjia mbuzi ndicho pia cha kukatia mkate. Kilevi huletwa na hamira na siku nyingi za kuchacha. Togwa ya siku moja ni kinywaji cha watoto na wazee. Iliyokaa siku tatu au nne na kuanza kutoa povu na kuwasha ulimi si togwa tena, na mtoto asipewe.

Turudi kwenye chungu cha sikukuu. Uji wa mahindi, ulezi au mtama ukishapikwa vizuri na kupoa hadi kuwa vuguvugu, bibi hutia kimea, hukoroga, hufunika na kuacha mahali penye joto hadi kesho yake. Wengine huongeza kata moja ya togwa ya zamani ili iwahi kuchacha. Usiku huo bakteria wema hubadili sukari kuwa asidi ya laktiki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, wamewachunguza bakteria hao na kukuta ni wa jamii ile ile inayogandisha maziwa. Ukali wa togwa iliyoiva ndio silaha yake, kwa maana vijidudu vingi vya kuhara haviwezi kustawi katika ukali huo. Mwaka 1999 watafiti, akiwemo Rose Kingamkono, walichapisha habari za watoto wa Tanzania waliopewa togwa mara moja kwa siku kwa siku 13. Watoto waliokutwa na vijidudu vya maradhi katika choo walipungua kutoka zaidi ya robo hadi chini ya mmoja kati ya kumi. Isitoshe, kuchipua na kuchacha hupunguza kitu kinachoishika madini ya chuma ndani ya nafaka, hivyo mwili hupata damu zaidi kutokana na unga ule ule.

Hata hivyo tusiigeuze togwa kuwa dawa ya kila kitu. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji togwa, uji wala maji. Maziwa ya mama yanamtosha. Baada ya hapo togwa ni nyongeza, na bado anahitaji maharage, karanga, yai, dagaa na mboga. Tena kimea kibichi kinaweza kubeba uchafu wa gunia na wa mikono. Kwa hiyo uji uliolegezwa kwa kimea kwa ajili ya mtoto urudishwe motoni uchemke tena kabla ya kumpa. Togwa isiyochemshwa tena inategemea ukali wake kumlinda mlaji, basi iache ichache sawasawa, usiharakishe. Tumia maji yaliyochemshwa. Ndoo ya rangi au dumu la dawa ya nyanya, hata likioshwa mara kumi, halifai. Na hapa kwetu madumu hayo ni mengi mno.

Nafaka nayo ichaguliwe. Punje zenye ukungu au zilizobadilika rangi zitupwe, kuku pia wasipewe. Sumukuvu haiishi kwa kupika wala kwa kuchachusha. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mtama nao unapochipua hujenga sumu katika machipukizi na mizizi yake, ndiyo maana bibi hawachoki kuyasugua na kuyapepeta. Kwa kimea cha watoto, ulezi ni salama zaidi.

Na wenye kisukari? Togwa ni tamu kwa sababu wanga imegeuka sukari, kwa hiyo wanywe kidogo na wasiongeze sukari. Lakini tukilinganisha, chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai 8 hadi 9, na zaidi ya hiyo haina kitu. Tumeona arusi ambazo kreti za soda zimepangwa mbele kwa heshima, na togwa imewekwa nyuma ya nyumba kwa wapishi. Sisi tunaona zingebadilishana mahali.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni kwamba mikono inayojua kazi hii inazeeka. Binti anayesoma bweni hurudi likizo akakuta togwa iko tayari. Hakuona ulezi ukiloweka, hajui harufu ya kimea kilichooza ilivyo, wala joto la uji la kutilia kimea, ambalo bibi hulipima kwa kidole na si kwa saa. Haya hayajifunzwi kwa kusimuliwa. Akina mama, mwachieni bibi mjukuu mmoja kwa wiki nzima, wa kike au wa kiume, aanze naye kwenye ungo.

Wiki hiyo isingoje Desemba. Mvua zikishaanza jua ni la kubahatisha, na ulezi uliochipua usipokauka huota ukungu. Bibi wenye uzoefu hutengeneza kimea cha Noeli mnamo Septemba au Oktoba, wakakihifadhi katika chombo kikavu chenye mfuniko. Uji wa togwa hupikwa asubuhi ya tarehe 24, na kimea hutiwa mchana wake, ukishapoa.