Wagonjwa wa Glakoma Nyakati za Korona: Nakuru na Mpaka Uliofungwa

Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, huharibu polepole neva inayopeleka picha kutoka jichoni hadi ubongoni, na kwa kawaida mgonjwa hasikii maumivu huku uwezo wake wa kuona ukimegeka kuanzia pembezoni; matibabu, yawe ya dawa ya matone au ya upasuaji, hulinda kilichobaki wala hayarudishi kilichopotea. Hatua za kuzuia korona ziliwaumiza wagonjwa hawa kwa sababu zilimtanguliza anayelia kwa maumivu na kumtaka asiyelia asubiri, ilhali glakoma hula jicho katika kusubiri huko.

Utafiti ulioanza Nakuru, nchini Kenya, mwaka 2007, uliowapima macho watu 4,414 wenye umri wa miaka 50 na zaidi na kuwarudia miaka sita baadaye, uliipa kaunti hii sifa kubwa miongoni mwa wataalamu, lakini sifa haifungui barabara. Tarehe 26 Machi 2021, Rais Uhuru Kenyatta alipozifunga Nairobi, Kiambu, Kajiado, Machakos na Nakuru kama eneo moja, mgonjwa wa Nakuru mjini bado angeweza kufika hospitali ya Kikuyu, iliyo Kiambu, ilhali mwenzake wa Eldama Ravine au Ol Kalou, aliyezoea kutibiwa Nakuru, alijikuta nje ya mpaka. Amri hiyo ilidumu wiki tano hivi, ilhali chupa ya timolol, dawa inayopunguza presha ya jicho, ikishafunguliwa hutakiwa kutumika kwa takriban wiki nne tu.

Hofu ya kuambukizwa korona kliniki nayo ilikuwa na msingi. Li Wenliang, daktari wa macho wa Wuhan aliyefariki Februari 2020, aliripotiwa kuambukizwa na mgonjwa wa glakoma, na si ajabu, kwani katika kupima jicho nyuso mbili hukaribiana mno.

Hata kliniki ziliporejea, barakoa ilileta tatizo lake: isipobana vyema puani, pumzi hupanda na kutia ukungu kwenye lenzi ya mashine inayopima upana wa kuona, kisha majibu yakaonyesha upungufu usiokuwapo, hivyo ikabidi barakoa ibandikwe plasta juu ya pua na kipimo kirudiwe kabla daktari hajaamua kuongeza dawa.