Fahamu: Je, uigawe diski ya kompyuta yako?

Tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, Oktoba 14, 2025, wenye kompyuta wamekuwa wakizipeleka kwa mafundi zipigwe Windows upya. Hapo ndipo swali huzuka: diski igawanywe sehemu mbili, C na D?

Faida kubwa ni moja. Mfumo hukaa C, picha na nyaraka D. Windows ikiharibika, fundi anafuta C tu, D haiguswi. Ila msimamie anapochagua: wakati wa kusakinisha, sehemu za diski huorodheshwa kwa namba, bila herufi C wala D. Akifuta sehemu isiyo sahihi, mafaili ya miaka yamekwenda.

Kama diski ni ya GB 256, mimi nasema iache nzima. Windows 11 yenyewe hudai angalau GB 64, masasisho nayo hayaishi, na C ndogo hujaa huku D ikikaa tupu. Kwenye diski ya aina ya SSD, kugawa hakuongezi kasi. Ukiwa na terabaiti 1, gawa ukipenda.

Lakini D si nakala ya akiba. C na D ni diski moja; ikifa, zimekufa zote. Nunua kwanza diski ya nje, nakili mafaili yako, ndipo umwite fundi.