Kabla ya Kulaumu Bahari, Tazama Ndoana Yako

Kaskazi ilipokuwa inaelekea ukingoni, mpwa wangu alinijia baada ya sala ya Magharibi akiwa na kisanduku cha plastiki kwapani. Msimu mzima alikuwa akisaidia kwenye boti inayopeleka watalii baharini, na mgeni mmoja wa Marekani alipokuwa anarudi kwao alimwachia kisanduku hicho kama bahashishi. Ndani mlikuwa na vyambo bandia kama thelathini: vichura vya mpira, minyoo mirefu ya rangi ya zambarau, na visamaki vya kuchorwa vyenye ndoana za meno matatu tumboni.

"Mjomba, hivi ndivyo wanavyovulia wenzetu," aliniambia. "Ikiwa na hivi havinipatii kitu, basi nauza mshipi, naingia juya."

Neno hilo la mwisho ndilo lililoniondolea usingizi. Sikumjibu usiku ule. Nilimwacha ajaribu.

Wiki mbili baadaye kisanduku kilikuwa kimebaki na vyambo vichache. Kolekole mmoja alinyoosha ndoana kama aliyenyoosha waya wa kuanikia nguo. Mzia walikata nyuzi kwa meno. Ndoana zilizosalia zilikuwa na kutu nyekundu, na minyoo ya mpira imeng'atwa mikia na vijisamaki visivyotosha hata kiganja. Mpwa wangu aliamua kuwa bahari imekufa. Mimi niliona jambo jingine, na ndilo ninalotaka kulieleza leo, kwa sababu vijana wengi wa fuo zetu wanafanya kosa lile lile hata bila kupewa kisanduku na mtalii.

Kifaa huanza na samaki, si na duka

Vile vyambo havikuwa vibovu. Vilitengenezewa samaki mwingine. Wamarekani wana samaki wao wa maji baridi aitwaye bass. Hata hapa Kenya yupo, aliletwa Ziwa Naivasha enzi za ukoloni. Huyu hujificha kwenye majani na magogo yaliyozama, akavizia, kisha akarukia chura, mnyoo au kisamaki kinachopita. Ndiyo maana chambo chake kina sura ya chura, ndiyo maana mnyoo wa mpira hufungwa ncha ya ndoana ikiwa imefichwa ili isinase majani, na ndiyo maana ndoana yake ni nyembamba. Kule hakuna chumvi ya kuila wala samaki mwenye nguvu za kolekole.

Sasa jiulize: nani kati ya samaki wetu hula chura? Mvuvi wa bass hakwenda dukani kuuliza nini kinang'aa. Alianza kwa kumjua samaki wake, analala wapi, anakula nini, ana meno ya namna gani, kisha akatafuta kifaa. Wazee wetu walifanya hivyo hivyo bila kisanduku. Tafi na pono hawakuwahangaikia kwa mshipi, kwa kuwa wengi wao ni walaji wa mwani. Waliwategea malema. Changu walimfuata kwenye mwamba na mchanga ulio kando yake kwa ngisi au pweza. Nguru walimtafuta nje ya mwamba, chombo kikienda na chambo kikiburutwa nyuma, yaani kurambaza.

Ndoana na namba zake

Wengi wetu hununua ndoana kwa kuangalia tu, na namba zake zinachanganya. Kwenye ndoana za kawaida, namba ikipanda ndoana inapungua. Namba 12 ni ndogo kuliko namba 6, na namba 6 ni ndogo kuliko namba 1. Baada ya hapo hesabu inageuka: zile zilizoandikwa 1/0, 2/0, 3/0 na kuendelea, namba ikipanda ndoana inakua. Kijana akiambiwa "chukua kumi" bila kujua hili, anaweza kurudi nyumbani na ndoana ya kuvulia vidagaa akidhani amepata ya chewa.

Ukubwa wa ndoana ndio unaoamua ni samaki gani atakayebaki baharini. Changu wa ukubwa wa kidole hawezi kuimeza ndoana kubwa hata akitaka. Atadonoa chambo aende zake, akue, azae. Ukishuka hadi ndoana ndogo kabisa utapata samaki wengi wa kuwauzia mama karanga leo, lakini utakuwa umekula mbegu ya mwakani. Wavu hauwezi kuchagua hivyo ukishafunga macho yake. Ndoana inaweza, na uamuzi umo mkononi mwako kabla hujatia nanga.

Kuna pia ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imepinda kuelekea ndani. Wavuvi wetu wengi huikataa kwa kuwa wakivuta kwa nguvu samaki anaponyoka. Siri yake ni kutovuta kwa kishindo. Samaki akishachukua, acha uzi ukaze wenyewe kisha uvute polepole, na ndoana itajishika pembeni mwa mdomo. Faida ni mbili: samaki haimezi hadi tumboni, na kasa akinasa kwa bahati mbaya ni rahisi kumwachilia akiwa hai.

Mwisho, ndoana butu ni hasara. Ipitishe ncha juu ya ukucha wako. Ikiteleza, inoe au itupe. Ikikwama, iko tayari.

Uzi, fundo na chubwi

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua nailoni katika duka moja mjini, roli iliyokuwa imepangwa dirishani. Bei ilinifurahisha. Siku ya tatu nguru aliruka mara moja tu, uzi ukakatika kama uzi wa buibui, na ami yangu aliyekuwa usukani hakusema kitu hadi tulipofika ufuoni. Hapo akaniuliza, "Ile roli ilikuwa imekaa juani muda gani?" Jua hula nailoni. Uzi uliozeeka hupoteza ulaini, huwa mweupe-mweupe kama una unga, na hubaki umejikunja hata ukiunyoosha. Usinunue roli ya dirishani hata ukiuziwa nusu bei. Na wako ukirudi nao, usuuze kwa maji baridi na uuweke kivulini.

Kila siku kabla ya kutoka, pitisha vidole kwenye pima mbili za mwisho za uzi. Ukisikia mkwaruzo, kata sehemu hiyo. Kwa nguru na mzia, funga kipande cha waya kati ya uzi na ndoana, kwa kuwa meno yao ni wembe. Kwa changu usiweke waya. Huyo ana macho na ni mwoga, na waya humfukuza.

Siku hizi kuna uzi wa kusuka, mwembamba na wenye nguvu kuliko nailoni ya unene huo huo. Ni mzuri kwa mwenye fimbo na roli ya kuzungusha. Lakini kwa anayevua kwa mkono, hauna mvutano, na samaki mkubwa akikimbia nao hupasua kiganja. Nailoni nene na vipande vya tyubu ya baiskeli vidoleni bado ndiyo salama.

Fundo nalo ni nusu ya nguvu ya mshipi. La kawaida ni hili: pitisha uzi kwenye tundu la ndoana, uzungushe ncha mara tano au sita kwenye uzi wenyewe, irudishe ndani ya kitanzi kidogo kilicho karibu na tundu, kisha ulilowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza. Mate si ushirikina. Nailoni kavu ikikazwa husuguana, hupata joto na kudhoofika pale pale kwenye fundo.

Chubwi lipimwe kwa maji, si kwa mazoea. Wakati wa bamvua mkondo ni mkali, risasi nyepesi itapeperushwa na chambo hakitagusa chini. Maji mafu yakiingia, punguza uzito ili usikie hata mdonoo mdogo. Na chubwi lenyewe ulifunge kwa uzi dhaifu kuliko mshipi mkuu. Likinasa kwenye mwamba utapoteza risasi tu, huku ndoana na pima zako ishirini za nailoni zikirudi nyumbani. Uzi unaoachwa mwambani hausahau kazi yake. Huendelea kunasa samaki na kasa bila faida kwa mtu.

Chambo cha kweli na cha bandia

Kwa uvuvi wa chini, hakuna chambo bandia kilichomshinda ngisi au pweza mbichi. Nyama yao ni ngumu, haitolewi ndoanani kwa mdonoo mmoja, na harufu yake husafiri na maji. Kamba ni mtamu kwa samaki lakini ni laini, huliwa haraka. Kwa chewa, tumia kisamaki kizima na ukae tayari, maana akishachukua hukimbilia pangoni, na akishaingia humtoi.

Chambo bandia kina mahali pake, nacho ni kurambaza wakati wa kaskazi, bahari ikiwa imetulia. Nguru, sehewa, jodari na felusi huwinda kwa macho na kwa mbio. Wanachotaka ni kitu kinachong'aa na kukimbia kama dagaa aliyetengwa na kundi lake. Hapo ngisi wa plastiki, kijiko cha chuma au kisamaki cha mti chenye ndoana imara hufanya kazi. Na si lazima ununue. Ami yangu alifumua kamba nyeupe ya nailoni, akafunga nyuzi zake juu ya ndoana pamoja na manyoya ya jogoo, na sijaona nguru aliyemuuliza kiwanda.

Kuhusu rangi, kumbuka kwamba maji huila nyekundu mapema kuliko rangi nyingine. Chambo chekundu kinachokupendeza mkononi kitaonekana cheusi kikishuka pima kadhaa. Karibu na uso wa maji kila rangi ina nafasi yake. Chini, kinachohesabika zaidi ni mng'aro, mwendo na harufu.

Kwa nini haya yote

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini nimejaza ukurasa kwa habari za ndoana wakati watu wana shida kubwa zaidi. Narudi kwenye neno la mpwa wangu: "naingia juya."

Juya limepigwa marufuku nchini tangu 2001, na sote tunajua fuo ambako bado linavutwa. Linakokotwa juu ya nyasi za baharini ndani ya mwamba, mahali ambapo changu na tafi wachanga hulelewa, na halimwachi mdogo wala mkubwa. Kusi ikianza na vyombo vidogo vikishindwa kutoka nje, ndipo majuya hupata vijana. BMU hufoka, maafisa huja, juya huchomwa, na baada ya mwezi jingine liko majini.

Tukidhani vijana hao hawajui madhara, tunajidanganya. Wanajua. Lakini juya halimdai kijana mtaji. Anakuja na mikono yake miwili, anavuta, jioni anapata fungu lake hata kama ni dogo na tajiri wa juya amechukua nono. Mshipi unamdai roli ya nailoni, ndoana za ukubwa unaofaa, waya, risasi, chambo na nauli ya chombo. Akinunua vibaya mara mbili, kama nilivyonunua mimi, akarudi mikono mitupu, mtaji umekwisha na juya linamngoja pale pale ufuoni. Kwa hiyo kujua ndoana ipi inamfaa samaki yupi ndiyo tofauti kati ya kijana anayesimama peke yake na kijana anayekokota wavu wa mwingine.

Sikumpa mpwa wangu hotuba. Nilimpeleka dukani, tukachagua roli kutoka ndani ya boksi wala si dirishani, ndoana za aina mbili, na kilo moja ya risasi. Vichura vya Mmarekani aliwapa wadogo zake wachezee. Tangu hapo siku nyingine anarudi na changu watano wazuri, siku nyingine wawili, na siku nyingine anarudi na hasira tu. Rizki ni ya Mola, na bahari haina mkataba na mtu. Lakini hadi ninapoandika haya, kusi imeshaingia na hajagusa kamba ya juya.

Kwa hivyo ombi langu kwa wenye uwezo, kwa wazee wa BMU na kwa kila ami na mjomba anayesoma: tunapomkataza kijana juya, tumfungulie na mlango wa pili. Mnunulie mshipi mmoja wa maana, umfundishe fundo lake na namba za ndoana. Hiyo nayo ni sadaka, na faida yake itarudi kwenye sahani zetu sote.