Faini ya siku moja hula faida ya magunia kumi

Wafanyabiashara wa Chake Chake, Wete na Mkoani hutazama kwanza bei za wiki: karafuu, mchele, unga, sukari, saruji na gharama ya kuvusha mzigo. Ipo bei nyingine isiyoandikwa ubaoni, nayo ni bei ya kuchelewa kulipa deni. Hulipwa na mwenye mkopo wa benki, mwenye kadi ya mkopo na mwenye kukopa kwa simu. Mara nyingi fedha anazo. Kilichomponza ni siku moja au mbili tu.

Tuchukue mfano wa duka la chakula lenye rejesho la shilingi 400,000 kwa mwezi, na mkataba unaotoza asilimia 5 ya rejesho linapochelewa. Kuchelewa mara moja ni shilingi 20,000. Ikiwa mwenye duka hupata faida ya shilingi 2,000 kwa gunia la mchele, basi magunia kumi ameyanunua, ameyavusha na kuyapakua bure. Viwango hutofautiana kati ya benki na benki, lakini hesabu ni hiyo hiyo.

KUTUMA SI KUFIKA

Wengi huchanganya siku ya kutuma fedha na siku ya kufika kwake. Benki huhesabu siku ambayo fedha zimeingia kwenye akaunti ya mkopo. Malipo yanayotoka benki nyingine, au yanayopitia simu, yanaweza kuchukua muda kabla ya kuonekana. Aidha, kila benki ina saa yake ya kufunga hesabu za siku, na malipo yakipita saa hiyo huweza kuandikwa ya kesho. Mfanyabiashara wa Konde au Micheweni anayengoja mchana wa siku ya mwisho ndipo atafute wakala anajitia hatarini. Wakala akiwa ameishiwa salio, siku imekwisha.

Kalenda nayo ina mitego yake. Mwishoni mwa Machi 2025, tarehe 29 ilikuwa Jumamosi, tarehe 30 Jumapili, na sikukuu ya Idd-el-Fitri ikaangukia Jumatatu tarehe 31, ikifuatiwa na mapumziko ya tarehe 1 Aprili. Mwenye rejesho la mwisho wa mwezi aliyezoea kwenda dirishani alitakiwa awe amemaliza shughuli yake kabla ya wikiendi hiyo, tena katika siku ambazo kila senti ilikuwa inazungushwa kwenye nguo na vyakula vya sikukuu.

Mtandao nao si wa kutegemea hadi dakika ya mwisho. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za mawasiliano za EASSy na Seacom zinazopita chini ya Bahari ya Hindi zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi kwa kukosa intaneti. Aliyekuwa amelipa Ijumaa hakuwa na la kuhofia.

KADI YA MKOPO

Kadi ya mkopo bado ni ya wachache Pemba. Kadi nyingi zilizo mifukoni ni za kuchukulia fedha za mwenyewe. Hata hivyo, wapo wanaoitumia kulipia bidhaa za Dubai na Guangzhou, na hao wanapaswa kujua mambo matatu.

Kwanza, taarifa ya kadi huonyesha kiwango cha chini cha kulipa. Ukilipa kiwango hicho kwa wakati huwa umekwepa faini ya kuchelewa, lakini riba huendelea kukua juu ya deni lililobaki. Pili, siku za neema zisizo na riba kwa kawaida ni za yule anayelipa deni lote. Tatu, fedha taslimu zinazotolewa kwenye mashine kwa kadi hiyo kwa kawaida hazina siku za neema. Riba huanza siku hiyo hiyo.

Marekani, sheria ya mwaka 2009 ilitaka taarifa ya kadi itumwe angalau siku 21 kabla ya tarehe ya mwisho. Vilevile, tarehe hiyo ikiangukia siku ambayo benki haipokei malipo ya posta, malipo ya posta yanayofika siku ya kazi inayofuata hayahesabiwi kuwa yamechelewa. Jamaa walioko huko watumie haki hiyo. Mteja wa hapa asome mkataba wake na asidhani kwamba sikukuu inamwongezea siku.

MKOPO WA SIMU

M-Shwari ya Kenya ilipoanza Novemba 2012, mkopo wa siku 30 ulikuwa na ada ya asilimia 7.5. Siku hizo zikipita bila kulipwa, ada nyingine ya asilimia 7.5 iliongezwa kwa siku 30 nyingine. Kwa mkopo wa shilingi 10,000 za Kenya, kuvuka mpaka huo kwa siku moja kuligharimu shilingi 750, sawa na kukaa na fedha mwezi mzima.

Mikopo ya kujazia salio, kama Fuliza ya Kenya na Songesha ya hapa nchini, ina jambo jingine. Fedha yoyote inayoingia kwenye simu hukatwa kwanza kufidia deni. Mteja wako akikutumia malipo uliyopanga kuyapeleka benki, utashtuka yamekwisha kumezwa. Fedha za rejesho zisipitie laini yenye deni.

Wakopeshaji wa kwenye simu wasio na leseni waepukwe kabisa. Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilipiga marufuku programu 69 za aina hiyo.

WASIOTAKA RIBA

Kwa wanaochelea riba, benki za Kiislamu zina utaratibu tofauti. Viwango vya shirika la AAOIFI la Bahrain huruhusu mdaiwa mwenye uwezo anayechelewesha kusudi atozwe kiasi fulani, lakini fedha hizo ziende kwenye sadaka, zisiwe pato la benki. Hata hivyo, kwa mwenye duka fedha imetoka mfukoni vilevile.

JINA NALO NI MTAJI

Faini ni hasara ndogo kuliko kuharibika kwa jina. Taarifa za wakopaji huhifadhiwa na taasisi zenye leseni ya Benki Kuu, na benki huzipitia kabla ya kutoa mkopo mpya. Anayekopa ili akodi mikarafuu na kulipa wachumaji huhitaji fedha haraka msimu unapofunguka, kwa kawaida kuanzia Julai. Rekodi yake ikiwa na madoa, mwenzake atawahi shamba.

Tena mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka, lakini rejesho la benki huja kila mwezi. Kwa hiyo anayetegemea zao hilo aombe ratiba inayofuata msimu kabla ya kutia saini. Baada ya hapo atakuwa anaomba huruma.

YA KUFANYA

Lipa siku tano za kazi kabla ya tarehe ya mwisho. Omba benki ikupangie tarehe inayofuata siku zako za mauzo mazuri, au weka agizo la kudumu ili fedha zikatwe zenyewe, mradi salio liwepo. Hifadhi risiti na ujumbe wa kila malipo. Ukiona hutaweza, nenda kwa ofisa mikopo mapema na si baada ya tarehe kupita. Ukitozwa isivyo halali, lalamika kwa maandishi kwenye benki yako kwanza. Usiporidhika, Benki Kuu hupokea malalamiko, nayo ina ofisi Zanzibar.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Kabla ya kufunga duka leo, andika kwenye daftari kila deni ulilonalo, tarehe yake na siku ya wiki inayoangukia. Zile zinazoangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu, zianze nazo.