Michezo iliyotutaka tuulize njia

Unashushwa kutoka kwenye meli ya wafungwa katika kijiji kidogo cha pwani kiitwacho Seyda Neen. Karani anaandika jina lako na kukuuliza umezaliwa chini ya nyota gani, kisha ofisa mmoja anakukabidhi kifurushi: nenda mji wa Balmora, umtafute mtu aitwaye Caius Cosades. Balmora iko upande gani? Uliza. Wenyeji watakwambia kuna mdudu mwenye miguu mirefu kupita nyumba, ndiye basi la huko, na kituo chake kiko nje kidogo ya kijiji. Unalipa nauli, unapanda. Ukishuka Balmora unauliza tena. Unaelekezwa kwenye kilabu cha South Wall, na mwenye kilabu ndiye anayekuonyesha nyumba ya huyo bwana. Unabisha hodi, unamkuta mzee kifua wazi katika chumba kimoja cha kimaskini. Huyo ndiye mkuu wa majasusi wa mfalme huko.

Huo ni mchezo wa Morrowind, uliotolewa na kampuni ya Bethesda ya Marekani mwaka 2002. Mimi niliukuta miaka michache baadaye, kwenye kompyuta ya mjomba wangu pale Tabata, katika CD ya kunakili iliyoandikwa jina kwa kalamu. Nilikuwa kidato cha pili na Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza. Kando ya kibodi niliweka daftari la mistari, na kila mtu wa humo aliponielekeza mahali, niliandika: toka mjini, vuka mto Odai, ipite ngome ya Moonmoth, tafuta daraja la kale lililopita juu ya korongo. Jioni ya kwanza sikuliona daraja. Jioni ya pili nililivuka bila kujua kwamba ndilo lenyewe, nikaishia kufukuzwa na ndege wakali mpaka nikafa. Ya tatu nikaona mkono wa chuma kwenye bomba kuukuu, nikauzungusha, na jiwe la mlango likafunguka. Nimecheza michezo mingi tangu siku ile, yenye picha nzuri mara mia, lakini milango iliyonipa furaha kama ule naihesabu kwa vidole.

Mwaka 2006 Bethesda ilitoa mchezo uliofuata, Oblivion. Chini ya kioo waliweka dira, na kwenye dira waliweka mshale. Ukipewa kazi, mshale unakuonyesha uelekee wapi. Ilipofika 2011 wakatoa Skyrim, na kufikia hapo mshale ulikuwa umeshakuwa bwana wa safari. Mtetezi wake atakwambia uuzime kama huutaki. Nimejaribu. Ukiuzima unapotea kabisa, kwa sababu watu wa Skyrim, mara nyingi, hawakuelekezi tena. Mzee anakutuma ukamletee upanga wa babu yake ulio pangoni, na hakwambii kama pango liko kaskazini au kusini, mtoni au mlimani. Aliyeandika maneno yake alijua mshale utamaliza kazi, akaacha kuyaandika.

Hapo ndipo penye tofauti ya kweli kati ya michezo ya zamani na ya sasa, na ndiyo maana nachoka na mabishano ya picha. Kila wanapokutana wachezaji wa rika tofauti, mmoja husifu nywele zinazopeperuka na maji yanayong'aa, mwingine husifu enzi za vidoti vikubwa. Wote wawili wanaliacha jambo lenyewe. Michezo ya uhusika, kwa maana ya michezo ambamo unaunda mtu, unampa uwezo na udhaifu wake, kisha unaishi ndani ya maamuzi yake, ilizaliwa mezani, kwa mazungumzo. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons: karatasi, penseli, dadu, na msimulizi mmoja anayewaambia wenzake wamefika wapi na wameona nini. Wao wanajibu wanafanya nini, naye anaamua kinachofuata. Aliyekaa miguuni pa bibi usiku wa hadithi, akaitikia "pakawa", halafu akamkatiza bibi kumuuliza kwa nini sungura hakupita mlango wa nyuma, anaujua mchezo huu kwa nusu yake.

Kompyuta ilikuja kuchukua kiti cha msimulizi. Richard Garriott, kijana wa Texas, aliandika Akalabeth na kuiuza ikiwa ndani ya mifuko ya nailoni, kisha mwaka 1981 akatoa Ultima. Mwaka huo huo Andrew Greenberg na Robert Woodhead walitoa Wizardry, yenye mahandaki ya ngazi kumi ambayo mchezaji aliyachora mwenyewe kwenye karatasi ya miraba. Wajapani waliipenda mno Wizardry, na kutokana na mapenzi hayo ikazaliwa Dragon Quest mwaka 1986. Lakini msimulizi wa kompyuta alikuwa na kasoro: hawezi kujibu asichoandikiwa. Kwa hiyo ubora wa mchezo wa uhusika ulipimwa, na bado unapimwa, kwa kiasi ambacho waandishi walikaa chini wakajiuliza mchezaji atajaribu nini, wakamwandalia jibu.

Chukua Fallout ya mwaka 1997. Dunia imeteketea kwa mabomu ya nyuklia, watu wako wanaishi kwenye handaki, chombo cha kusafisha maji kimeharibika, nawe umepewa siku 150 ukalete kingine. Unapomuunda mhusika wako unagawa alama: nguvu, wepesi, akili na mengineyo. Ukiamua kumnyima akili ili awe na misuli, mchezo unakufuata na uamuzi huo hadi mwisho. Mtu wako hawezi kuzungumza. Anaguna. Watu wanamhurumia, wengine wanamfukuza, na mazungumzo marefu ambayo mwenzako aliyajua wewe huyapati kamwe. Aliyechagua akili na ufasaha, naye, anaweza kufika mbele ya adui mkuu, yule anayetaka kuwageuza binadamu wote kuwa majitu, akamwekea ushahidi kwamba majitu hayo hayawezi kuzaa. Adui anasikia, anaelewa kwamba kazi yake yote ni bure, anajiangamiza mwenyewe. Hakuna risasi iliyofyatuliwa. Miaka miwili baadaye Planescape: Torment ilikwenda mbali zaidi, ikiwa na takribani maneno 800,000, na vita vyake vingi unaweza kuvikwepa kwa kuongea.

Kilichokuja kuyafupisha mazungumzo haya ni sauti. Katika Morrowind watu wengi walizungumza kwa maandishi. Sauti zilikuwa za salamu na matusi. Oblivion ilirekodi karibu kila kitu, ikawaleta waigizaji Patrick Stewart na Sean Bean studio. Ukitaka kuongeza aya moja kwenye maandishi, mwandishi anahitaji dakika kumi. Ukitaka kuiongeza kwa sauti, unamwita mwigizaji, unakodi studio, unalipa fundi wa sauti, na kwa michezo ya sasa unarekodi hata mwendo wa midomo na mikono. Hesabu ya namna hiyo inaua matawi ya hadithi. Fallout 4 ya mwaka 2015, baada ya jina hilo kununuliwa na Bethesda, ilimpa sauti hata mhusika wa mchezaji, na mazungumzo yakabanwa kuwa majibu manne, yakionyeshwa kwa neno moja au mawili. Mara nyingi, mengi kati ya hayo manne yalikwenda sehemu ileile. Mabubu wa 1997 walikuwa na mengi ya kusema kuliko yule mwenye sauti nzuri wa 2015.

Haki ya michezo mipya niitoe pia. Michezo ya zamani ilikuwa na ukatili usio na faida. Baldur's Gate, iliyotolewa Desemba 1998 na BioWare ya Edmonton, Canada, kampuni iliyoanzishwa na madaktari, ilikuja katika CD 5 na kanuni ambazo ngao bora ilikuwa na namba ndogo zaidi. Ukichagua kuwa mchawi (neno hili linanisumbua, maana huyu ni msomi anayekariri maneno yake vitabuni kila asubuhi, hana undugu na mchawi wa mtaani kwetu), unaingia msituni ukiwa dhaifu kiasi kwamba mbwamwitu mmoja anakumaliza kabla hujafika njia panda. Katika Wizardry, mwenzako akifa ukashindwa kumfufua, anageuka majivu. Ukishindwa tena, hayupo. Wiki nzima ya kazi imekwenda. Sioni sababu ya kuyalilia hayo.

Jambo ambalo halina utetezi ni biashara. Aprili 2006 Bethesda iliuza deraya ya farasi ya Oblivion kwa dola 2.50, kitu cha kupendezesha macho zaidi ya kingine chochote, na wachezaji wakakasirika. Leo dola hizo mbili na nusu zinaonekana kama sadaka. Michezo mingi ya uhusika ya simu, Genshin Impact ya mwaka 2020 ikiwemo, humpa mchezaji wahusika kwa bahati nasibu: unalipa, unazungusha, pengine unapata, pengine hupati. Mtoto mwenye simu ya mama yake yenye salio haujui mchezo wa uhusika kwa sura nyingine. Anadhani mhusika ni mtu unayempata kwa bahati nasibu, hajawahi kumuunda mmoja na kumwona akibeba matokeo ya alichofanya. Hilo linaniumiza kuliko mshale.

Hata hivyo ukweli ni kwamba mazungumzo yamerudi, na yamerudi kwa nguvu. Kuanzia 2012 wapenzi wa michezo hii walianza kuwachangia watengenezaji moja kwa moja. Kampuni ya Obsidian peke yake ilikusanya karibu dola milioni 4 kwa ajili ya Pillars of Eternity. Mwaka 2019 kikundi kilichoanzia Estonia kilitoa Disco Elysium. Wewe ni mpelelezi aliyeamka chumba cha hosteli akiwa amelewa hadi kusahau jina lake, na stadi zako 24 ni sauti zinazobishana kichwani mwako. Mapambano ya kawaida hayamo. Tai yako inazunguka kwenye feni ya dari, ukiinyakua vibaya moyo unaweza kusimama na mchezo ukaisha. Maandishi yake yamezidi maneno milioni moja, na katika tuzo za The Game Awards za mwaka huo uliondoka na tuzo nne.

Kisha ikaja Baldur's Gate 3, Agosti 2023, kutoka Larian ya mjini Ghent, Ubelgiji, chini ya mkuu wake, Swen Vincke. Huu umenilazimisha kufuta nusu ya malalamiko yangu. Una sauti kila mahali, na kampuni yenyewe ilitangaza zaidi ya saa 170 za maonyesho yaliyoigizwa, na bado matawi hayakukatwa. Unaweza kuzungumza na maiti, ukamuuliza ni nani aliyemuua. Unaweza kuzungumza na ng'ombe. Unaweza kumuua mtu muhimu katika hadithi mapema kabisa, na hadithi ikatafuta njia nyingine ya kwenda. Dadu la pande 20 linazunguka mbele ya macho yako, ukishindwa unaona umeshindwa kwa ngapi, na kushindwa kwenyewe kumeandikiwa tukio lake. Ulichukua tuzo ya mchezo bora wa mwaka. Bei yake ni nafasi: unadai GB 150 kwenye diski, na hiyo kwa kompyuta nyingi za kwetu ni diski nzima.

Kwa hiyo hukumu yangu siitoi kwa umri. Michezo ya uhusika huishi pale waandishi wanapopewa nafasi, na hudhoofika pale maneno yanapoonekana gharama. Na hili linatuhusu sisi kuliko tunavyodhani. Huko Yaoundé, Cameroon, Guillaume Olivier Madiba alianza na programu rahisi ya kutengenezea michezo hii, RPG Maker, akihangaika miaka mingi hadi kampuni yake ya Kiro'o Games ikatoa Aurion mwaka 2016, mchezo wa uhusika uliosimama juu ya fikra za Kiafrika. Jina la Kiro'o lenyewe, kwa maelezo ya kampuni, limetokana na maneno ya Kiswahili: kiroho maono. Mwaka 2024 Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, alitoa Tales of Kenzera: Zau. Ule ni wa kuruka na kupigana zaidi kuliko wa uhusika, ila unaweza kuucheza wahusika wakizungumza Kiswahili. Niliposikia shujaa wa mchezo akiongea lugha ya mama yangu nilisimamisha mchezo nikamwita aje asikie.

Nawaambia waandishi vijana wa hadithi fupi, wa tamthilia za redio, wa ngonjera za shule: picha za Skyrim hatuna fedha zake, lakini mazungumzo yenye matawi tuna uwezo nayo leo. Programu ya Twine hailipishwi, haikulazimishi kujua lugha ya kompyuta, na kazi yake hufunguka hata kwenye simu janja ya kawaida. Anza na mtaa mmoja. Weka muuza kahawa, fundi baiskeli, mama ntilie, mzee anayejua kila nyumba na asiyependa kuulizwa mara mbili. Mlete mgeni kituoni jioni na jina moja kwenye karatasi. Usimpe mshale. Waandikie watu hao majibu ya kumpa atakapouliza njia.